Risala ya Wachumaji wa Banda la Nne Siku ya Kutundika Kibao cha Kijani

Mgeni rasmi, Bibi Liesbeth Damstra, mwakilishi wa wanunuzi wa maua kutoka Uholanzi. Meneja wa shamba. Msimamizi wetu Ato Mesay. Mabibi na mabwana,

Sisi wachumaji wa waridi wa Banda la Nne tunakukaribisha Gelma. Tumefurahi kukuona, na hilo si la kupamba maneno, maana kila wanapokuja wageni wa kwenu, choo chetu hupata sabuni. Tunajua umekuja kutundika langoni kibao cha kijani, kinachoshuhudia kwamba maua ya hapa hayamuumizi mtu wala maji ya ziwa. Tunaomba utusikilize kabla nyundo haijaanza kazi.

HISTORIA FUPI

Kabla ya mabanda haya ya plastiki, hapa baba zetu walilima tefu na kuchunga ng'ombe. Shamba lilipokuja tuliahidiwa ajira, na kweli tuliipata. Wengi wetu tuliingia tukiwa wasichana, leo tuna watoto. Hatuna ugomvi na waridi. Ni ua zuri, ingawa haliliwi.

MAFANIKIO

Wakati wa ukaguzi uliopita tulipewa glovu, gambuti na barakoa. Vilitupendeza sana. Gari la mkaguzi lilipotoka langoni, vilikusanywa vikarudishwa stoo, ndiyo maana hadi leo ni vipya. Tumehitimu pia mafunzo ya usalama. Kila mmoja wetu anajua kwamba bendera nyekundu ikiwa mlangoni mwa banda, dawa haijakauka, na hakuna ruhusa ya kuingia.

CHANGAMOTO

Bendera hiyo huondolewa mapema. Msimu wa Februari, watu wa kwenu wanapopeana maua ya mapenzi, Ato Mesay huing'oa kwa mkono wake majani yakiwa bado yanadondosha dawa. Asubuhi moja mwenzetu Zenebech alimwambia kwa heshima ya mkubwa, "Gashe, macho yanatuwasha humu."

Akajibiwa, "Mnaogopa umande nyie? Mama zenu walilima kwenye mvua. Ingieni, waridi halina subira kama waume zenu."

Tulicheka, tukaingia. Zenebech alitoka amebebwa. Sasa mikono yake inatetemeka hata injera analishwa na dada yake, na amefutwa kazi kwa kosa la utoro. Inatuuma, na tunaona haya kwamba siku ile tulicheka.

Huenda unajiuliza mbona mkaguzi aliandika kwamba wafanyakazi wana afya njema. Aliambiwa na sisi wenyewe. Alimkuta Etete Shashitu, mkubwa wetu kwa umri, amepika kahawa. Akakaa, akapokea kikombe, akauliza kupitia mkalimani:

"Mama, afya zenu zikoje?"

"Mungu ashukuriwe, tuko salama."

"Na wewe, dada?"

"Salama kabisa, Mungu ashukuriwe. Kunywa basi, inapoa."

Mgeni rasmi, kwetu hata anayetoka kuzika huitikia hivyo. Kahawa ni vikombe vitatu. Cha kwanza ni cha salamu, na mgeni hamwagiwi shida akiwa amekishika. Cha pili ni cha habari za huku na huku. Kwenye cha tatu ndipo mtu husema kinachomsibu. Mkaguzi alikunywa kimoja, akasifu harufu, akaondoka kuwahi shamba jingine. Etete Shashitu alibaki na birika mkononi, akatuuliza, "Huyu mtoto wa watu mbona ameondoka hatujaanza kuongea?"

Kosa hilo ni letu pia. Tulidhani kila mtu anajua.

MAOMBI

Tunaomba kibao kisitundikwe leo. Tunaelewa tunachoomba. Bila kibao huenda msinunue, na msiponunua tutarudi nyumbani mikono mitupu. Tumegombana juu ya jambo hili, na wapo kati yetu waliolia. Lakini kikishatundikwa, hatakuja mtu kuuliza tena kwa miaka mitatu, na Februari iko mlangoni.

Tunaomba bendera iondolewe na mtu ambaye hapewi zawadi kwa wingi wa maua. Tunaomba Zenebech atibiwe kama mgonjwa, si kusemwa kama mtoro. Anakaa nyuma ya kanisa la Mikaeli, na dada yake ameshabandika kahawa. Usimuulize hali yake ukiwa na kikombe cha kwanza, atakwambia ni mzima.

Tunamwomba Ato Mesay aendelee kukaa, tunamalizia. Ile risala aliyoipitia yeye tumeiacha ofisini. Ilikuwa fupi na yenye adabu, lakini haikuwa yetu.

Mgeni rasmi, Mungu akupe macho yenye nuru na mikono imara, wewe na wanao, akufikishe kwenu salama.

Sasa, kama ilivyo ada, Etete Shashitu atakukabidhi shada la waridi. Tumeyachuma alfajiri ya leo, mara tu bendera ilipong'olewa. Pembeni ya shada tumekuwekea glovu. Tafadhali zivae kwanza.

Ni sisi,
Wachumaji wa Waridi, Banda la Nne,
Shamba la Gelma.

Imesomwa kwa niaba yao na Asnaku Beyene.