Noeli Schwertner na Sakafu ya Oma Alzira

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, dada yetu Noeli Schwertner anarudisha beji ya Ofisi ya Utalii ya Tannental baada ya miaka ishirini na saba ya kutembeza wageni. Sisi tunaobaki tuna haki ya kununa kidogo.

Alianza kwa kukata tiketi kwenye kinu cha zamani cha maji, akahamia makumbusho ya zana za walowezi, kisha akawa kiongozi wa watalii. Kizuri alikisifu, kibaya hakukipamba. Mgeni aliyeuliza kama mnara wetu wa saa uliletwa na walowezi wa Kijerumani alijibiwa kwa upole kwamba ulijengwa na halmashauri, mwaka wa uchaguzi. Meya wa wakati ule hakucheka.

Lakini jina la Noeli litabaki kwenye nyumba moja: ile ya mbao na matofali inayotazamana na kanisa la Kilutheri, inayopigwa picha nyingi kuliko bibi harusi yeyote wa mji huu. Humo aliishi mjane, Alzira Hackenhaar, ambaye sote tulimwita Oma, yaani Bibi, na watalii walikuwa wakiingia kwake bila hodi na kufunua sufuria zake. Halmashauri ikaona dawa ni kumhamishia bibi kwenye nyumba iliyo nyuma ya hospitali, nyumba yake iwe makumbusho. Noeli ndiye aliyetumwa kumshawishi, kwa kuwa alikijua kile Kijerumani cha mashambani ambacho Oma alikitumia kusali na kugomba.

Mara tatu alikwenda, mara tatu akarudi na keki ya ndizi bila jibu. Mara ya nne alikuja na jibu lake mwenyewe: wageni wataingia pale tu Oma atakapofungua madirisha ya mbele. Yakifungwa, wapite.

“Noeli, mabasi yakianza kutukimbia, atakayehama ni wewe,” mkuu wetu alimwambia.

“Basi nitengee ile nyumba ya nyuma ya hospitali,” akajibu.

Madirisha yakabaki yamefungwa wiki baada ya wiki. Wenye mabasi wakalalamika, na mkuu akaanza kutafuta mtu wa kushika nafasi ya Noeli. Ndipo Jumamosi moja mvua kubwa ikawakuta wageni wa basi zima wakiwa barabarani, na mlango wa Oma ukafunguka.

“Ingieni, mtaugua hapo. Viatu vibaki nje.”

Akampa kila mtu vipande viwili vya blanketi vya kukanyagia, kama ilivyo desturi ya nyumba zetu zenye sakafu ya mbao iliyopakwa nta. Mtu hatembei, anateleza. Basi zima likateleza kutoka jikoni hadi sebuleni, likicheka, na walipoondoka sakafu ilikuwa inang’aa. Oma akaikagua kona kwa kona.

“Watu wako hawa wanafaa, mwanangu,” alimwambia Noeli. “Jumamosi ijayo niletee wengine. Nta nitapaka Ijumaa.”

Tangu hapo madirisha yalikuwa wazi kila Jumamosi, na wageni waliokuja kupiga picha waliondoka wamefanya kazi za nyumbani kwa furaha. Habari ya nafasi ya Noeli haikutajwa tena.

Oma alitutoka majira ya baridi ya mwaka juzi. Noeli alilia mbele ya kundi la wageni na hakuomba radhi, kisha akaendelea kupaka nta mwenyewe. Halmashauri nayo, ikijua anastaafu, imenunua sanamu ya plastiki ya bibi kizee ili ikalishwe kando ya jiko. Iko ofisini kwetu tangu Mei, tunaitundikia kofia. Noeli aliitazama mara moja tu.

“Huyu hata kugomba hajui,” alisema. Tulicheka, ila yeye hakucheka, na tuliumia kwa ajili yake.

Wiki iliyopita Vilmar, mjukuu wa Oma na mrithi wa nyumba, alikuja kutoka jiji la Curitiba. Aliisalimia sanamu kwa heshima zote, akaikataa, kisha akamkabidhi Noeli ufunguo ahamie humo.

“Bibi alitaka nyumba yenye mtu,” alisema.

Noeli anahamia Jumatatu. Sanamu tunabaki nayo sisi.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha kupiga hodi. Tunakuombea afya, majirani wema na chai isiyopoa ya ule mmea wetu uitwao mate. Jumamosi itakayofuata tutapita. Tukikuta madirisha yamefungwa, tutakwenda zetu. Tukiyakuta wazi, tutavua viatu.