Pepo Lililokula Stima Yetu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena kwa niaba ya mume wangu, Baba Mwende, aliyeinamisha kichwa pale nyuma akijifanya anatafuta mstari kwenye Biblia. Alinikataza kutoa ushuhuda huu. Nitautoa.

Mimi nilizaliwa Migwani, ndani ya moshi. Isyo ya kwetu mnaijua wenyewe: mahindi makavu na maharagwe, unayaweka motoni asubuhi, unaenda shamba, unarudi bado yanakutazama. Kwa hiyo Baba Mwende alipopata kazi ya karani hapa Kitui, tukapewa nyumba yenye stima na jiko la stima, niliimba. Niliapa kwamba macho yangu hayataona moshi tena. Sufuria ya isyo ikapanda juu ya koili tangu alfajiri, nami nikakaa kwenye kiti kama bibi wa DC.

Halafu bili ikaja. Baba Mwende aliisoma amesimama, kisha akaisoma ameketi. Akatazama juu, akaona taa.

Ndugu zangu, kwetu sisi stima ilikuwa ni taa. Kama bili ni kubwa, mwenye makosa ni taa. Akazing'oa balbu zote, akabakisha moja, na hiyo moja akawa anaihamisha kwa kitambaa kutoka sebuleni hadi chumbani. Redio nayo alikuwa akiizima katikati ya matangazo ya vifo, jina la marehemu likiwa nusu, tukalala tukiwa na huzuni na hatujui tunamlilia nani. Mgeni mmoja nilimmiminia chai kwenye magoti. Watoto wakakosa pa kusomea, wakahamia jikoni, maana koili ikiwaka ni nyekundu na inatoa mwanga kidogo. Nikawahurumia. Hata isyo ikishaiva, nikawa naiacha koili iwake wamalize hesabu zao.

Bili ya pili ikaja kubwa kuliko ya kwanza!

Hapo nyumba ikachafuka. Baba Mwende akasema kuna mtu ndani anawasha taa kisirisiri. Nikamwuliza, "Taa gani, na balbu unalala nayo chini ya mto?" Watu wa stima nao wakatuma neno kwamba watakuja kukata. Nikachukua kiondo changu nikaanza kukunja nguo.

"Unaenda wapi, Mama Mwende?"

"Nyumbani. Giza la Migwani ni la bure."

Niliona amestuka, na mimi moyo uliniuma, maana sikutaka kwenda. Nilimpenda, hata gizani. Lakini nilikuwa nimechoka kushukiwa. Akatoka mbio akamwita Pasta.

Pasta akasikiliza, akatikisa kichwa. Watu wanaishi gizani na stima inaliwa? Hilo ni pepo. Jumamosi akaja na wazee wawili, wakasimama nje mbele ya mita, karibu na dirisha la jikoni. Kile kigurudumu cha mita kilikuwa kinazunguka kwa kasi ya kutisha. Wakaanza kukemea. Mimi, kama mke mwenye adabu, nilikuwa nimewapikia wageni isyo tangu asubuhi. Ilipoiva nikazima koili, nikatoka niseme amina.

Kigurudumu kikapunguza mwendo. Kikasimama.

Haleluya! Mzee mmoja alipiga magoti kwenye kokoto. Baba Mwende akanikumbatia mchana, mbele ya watu, jambo ambalo hakufanya hata siku ya arusi. Nikaingia ndani nikilia kwa furaha, nikateleka maji ya chai.

"Limerudi!" Pasta akapiga kelele. Wakaanza upya, sasa kwa jasho na kwa Kikamba.

Mimi nilikuwa dirishani, mkono bado kwenye swichi, macho kwenye mita. Nikazima. Kigurudumu kikalala, wazee wakashangilia. Nikawasha. Pasta akavua koti. Ngai wangu! Nikatazama sufuria, nikatazama mita.

Nilijaribiwa kunyamaza, nisiwafiche. Lakini Pasta alikuwa anakaribia kukauka sauti. Nikatoka na mwiko mkononi nikasema, "Pasta, msilikemee tena. Lile pepo ni mimi, na isyo yangu."

Baba Mwende akaingia jikoni, akaweka kiganja juu ya koili, akakitoa upesi. Nilingoja anitukane. Akaenda chumbani, akarudi na kikapu cha balbu, akazirudisha moja moja, akaziwasha zote jua likiwa utosini. Kisha akakichukua kiondo changu akazimwaga nguo kitandani. Akasema, "Mama Mwende, kaa. Kuni nitapasua mimi."

Na anapasua! Mafiga matatu yako nyuma ya nyumba, moshi umerudi machoni mwangu, na bili siku hizi anaisoma amesimama na anaimaliza bila kuketi. Jiko la stima ni la chai tu.

Ndugu yangu, kama kuna kitu kinakula nyumba yako, usikae nacho gizani na mwenzako, kila mtu akimshuku mwingine. Mwite Bwana, anasikia. Ila ukishasema amina, pita jikoni uone ni nini kiko motoni.

Namshukuru Mungu kwa mwanga. Balbu zote zilirudi, isipokuwa ya bafuni. Baba Mwende, umeshaokolewa. Itoe mfukoni.