Bi Sentimita na Visima Saba vya Bondeni

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi, mpimaji wetu wa visima anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Barua yake ya ajira ina jina kamili na la heshima. Hapa ofisini anaitwa Bi Sentimita, na hata mumewe akipiga simu mapokezi humuulizia kwa jina hilo.

Aliajiriwa kuwa karani wa muda wa miezi mitatu. Wiki ya pili fundi aliumwa homa, naye akatumwa bondeni kushika utepe wa kupimia. Fundi alipopona alikuta kazi yake imeshapata mwenyewe.

Tangu hapo, kila Jumatatu amekuwa akizunguka visima saba vya bondeni. Huteremsha utepe, husikiliza hadi uguse maji, kisha huandika. Mkuu wa kitengo wa wakati ule aliwahi kumuuliza, "Kama maji yapo, unapima nini?" Alimjibu kwamba anapima ili ajue siku yatakapokuwa hayapo. Mkuu alilichukulia jibu hilo kuwa utovu wa nidhamu. Ukimsalimia Bi Sentimita habari za asubuhi, atakujibu kwa kina cha maji, "Tisa nukta nne, nashukuru," na kwenda zake.

Katika mwaka wake wa kumi na nane kazini, machimbo ya changarawe yaliyo jirani na visima yalichimbwa hadi chini ya usawa wa maji ya ardhini. Shimo likajaa maji, ikaletwa pampu kubwa ya kulikausha. Ndani ya miezi mitano visima vyote saba vilianza kushuka. Kisima cha zahanati kilibaki na maji yasiyofika magotini, na mkunga akawa anaanza kuchota maji wakati mama mjamzito akiwa bado njiani.

Bi Sentimita aliandika ripoti. Meneja wa machimbo alisoma ukurasa wa kwanza akasema, "Mama, huu ni ukame tu." Wakubwa wetu walikubaliana naye kwa kauli moja, na mwandishi wa ripoti akahamishiwa stoo ya mabomba kwa sababu za kiutawala. Huko aliyapanga mabomba kwa urefu. Upimaji hakuuacha, ila sasa alikwenda bondeni alfajiri, kabla ya kuripoti kazini.

Kisha pampu ya machimbo ikaharibika. Siku hiyohiyo aliomba likizo yake ya mwaka, na kwenye fomu, penye sababu, akaandika "kupumzika". Kwa siku tisa alipima visima asubuhi na jioni. Haikunyesha hata tone. Kisima cha zahanati kilipanda sentimita sitini na mbili. Siku ya kumi pampu ikawashwa, maji yakarudi chini.

Kwenye kikao cha wakubwa wetu na meneja wa machimbo alisoma vipimo vyote kwa dakika arobaini, bila kupandisha wala kushusha sauti. Wawili walisinzia. Meneja hakusinzia.

"Kwa hiyo unasema pampu yangu inakunywa maji ya zahanati?"

"Sijasema bado," alijibu. "Nimefika siku ya sita."

Alipomaliza siku ya tisa, iliamuliwa kwamba shimo lifukiwe kwa udongo safi hadi mita mbili juu ya usawa wa maji, matangi ya dizeli ya pampu yahamishwe mbali na visima, na uchimbaji usimame kila mpimaji atakaposema usimame. Utekelezaji ulichukua miezi kumi na minne. Alirudishwa kwenye kitengo chake bila maelezo, kama alivyoondolewa.

Visima sita vilirudi. Cha saba, cha wifi yake, hakijarudi hadi leo. Siku alipothibitisha kuwa kimekauka, tulimkuta amerudi kwenye stoo yake ya zamani, amekaa juu ya mabomba, machozi yanamtoka. Alisema ni vumbi. Stoo ilikuwa imefagiliwa asubuhi ile, na yeye ndiye aliyeifagia. Wifi yake huchota kwa jirani, na kwa miaka minne hawakusemeshana, wifi akimlaumu kwamba vipimo vyake viliokoa visima vya wengine tu.

Meneja yule naye amestaafu. Amejenga bondeni, hatua chache kutoka zahanati, na anatumia kisima chake hichohicho. Tulipomwomba neno kwa ajili ya sherehe hii alileta karatasi yenye mstari mmoja: "Haukuwa ukame."

Bi Sentimita aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mkobani. Kisha akaomba ruhusa ya saa moja, akaenda kumwonyesha wifi yake. Alirudi baada ya saa tatu. Hatukumuuliza, na hatutamkata mshahara wa siku.

Bi Sentimita, tunakushukuru kwa kila Jumatatu. Wewe, shemeji yetu, na wifi yako, tunawatakia siku ndefu na mitungi iliyojaa.