Jaji Aliyevua Joho: Maisha ya Antony Njeru Ireri, 1988–2025

Marehemu Antony Njeru Ireri alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 huko Gachoka, Mbeere Kusini, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Ireri Nthiga na Mama Ruguru. Alilelewa katikati ya ndengu na mbuzi. Akiwa na miaka tisa, mbuzi mmoja aliingia shamba la jirani akafyeka ndengu zote, na wazee walipokuja kuuliza, boma zima likawa halijaona kitu. Njeru ndiye aliyesema, "Mbuzi ni wetu. Ni yule wa sikio lililokatika." Baba yake alimtoa mbuzi huyo kwa jirani, kisha akatamka kwamba mtoto wa namna hii hawezi kuwa wakili, labda jaji.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Gachoka, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2002, na kidato cha nne akamalizia Embu mwaka wa 2006. Mwaka wa 2009 alijiunga na chuo kikuu huko Meru kusomea kilimo. Chumba cha bweni alikaa na Hersi, kijana wa mji wa Maua ambaye mama yake, Sharifo, aliuza nguo sokoni. Mmoja alienda kanisani, mwingine msikitini, na sufuria ilikuwa moja. Walioishi jirani nao wanasema wangetumia hata mswaki mmoja kama isingekuwa aibu.

Mwaka wa 2011 Njeru akawa Jaji Mkuu wa mahakama ya wanafunzi, ile inayosikiza kesi za chama chao na za uchaguzi wao. Sheria hakuisomea, lakini alikuwa katika wale wachache waliosoma katiba ya chama mpaka mwisho. Majaji walikuwa watatu, walikaa katika ukumbi wa mihadhara, na majoho waliazima kwa kwaya. La Njeru lilikuwa la mwimba besi mmoja mrefu, likawa linafagia sakafu.

Novemba ya mwaka huo Hersi aligombea uenyekiti, na Idd ikaangukia wiki ya kampeni. Mama Sharifo akatuma pilau ya mbuzi kutoka Maua, kama alivyofanya kila Idd, na bweni zima likala. Hersi, furaha ikiwa imempita akili, akasema, "Wasee, Alhamisi msinisahau." Alhamisi ndiyo iliyokuwa siku ya kura. Hersi alishinda. Kithinji, aliyeshindwa, akaenda mahakamani, kwa kuwa katiba ilimkataza mgombea kulisha wapiga kura wiki hiyo.

Siku ya kesi, shahidi mmoja baada ya mwingine aliapa kwamba hakuonja chochote. Hata waliokwangua sufuria waliapa. Kesi ilikuwa inakufa yenyewe, na Njeru alijua kwamba akinyamaza kidogo tu, rafiki yake atabaki mwenyekiti. Akavua joho, akalikunja, akamwachia kiti Njura, msichana aliyekuwa jaji wa pili, kisha akashuka hadi kwenye kiti cha mashahidi.

"Waheshimiwa, hiyo pilau mimi nilikula. Sahani mbili. Na Hersi alituambia Alhamisi tusimsahau."

Ukumbi ulicheka. Hersi hakucheka. Uchaguzi ulifutwa, na uliporudiwa, Kithinji akashinda.

"Si ungenyamaza tu, beste," Hersi alimwambia walipotoka nje. "Kwani kuna mtu alikuwa amekuuliza?"

"Sasa ningekaa aje pale juu na pilau ya mama yako kwa tumbo?"

"Basi kaa na huo ukweli wako."

Siku hiyo hiyo Hersi alihamisha godoro. Njeru aliumia sana, na hakuficha. Mpaka anamaliza chuo alikuwa bado anapika chai ya watu wawili, kisha anainywa yote peke yake.

Alihitimu mwaka wa 2013 na kuajiriwa kama afisa wa kilimo Mitunguu, ambako aliwafundisha wakulima kupunguza machipukizi ya migomba, na kugawana maji ya mfereji bila kushikana mashati. Malori yaliyobeba ndizi hizo yalikuwa ya Hersi, aliyekuwa ameingia biashara ya uchukuzi. Kwa miaka mingi wawili hao walisalimiana kwa honi, lakini neno halikupita dirishani. Huko huko Mitunguu Njeru alimpata Lydiah Kajuju, wakafunga ndoa kanisani tarehe 16 Aprili 2016, na Mungu akawajalia Purity Ruguru na Ireri. Hersi alialikwa harusini. Alituma lori la kubeba viti, mwenyewe hakuja.

Mwaka wa 2019 Njeru alihamishiwa ofisi ya Embu, na familia ikakaa mtaa wa Majimbo. Mwaka wa 2023 figo zake zilikataa kazi, ikawa lazima asafishwe damu kwa mashine kila Jumatatu na Alhamisi. Wakulima wa ndizi ndio waliompasha Hersi habari. Asubuhi moja gari lake likasimama mlangoni, akashusha kioo.

"Panda. Leo ni Alhamisi, na mimi sijakusahau."

Njeru, ambaye hata misibani hakulia, alilia mpaka lango la hospitali. Tangu hapo Alhamisi zote zikawa za Hersi. Kajuju aliwahi kumuuliza mumewe, kama siku ya kesi ingerudi, angebadilisha nini. "Ningekula sahani moja," alijibu.

Alikata roho Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa kumi jioni, mkewe akiwa kando yake. Kesho yake asubuhi gari la Hersi likasimama mlangoni Majimbo saa ile ile ya siku zote. Habari alikuwa nayo. Alisema tu kwamba siku ya Alhamisi hakujua pengine pa kwenda.

Marehemu amemwacha mjane wake, Lydiah Kajuju, watoto wake, Purity Ruguru na Ireri, wazazi wake, kaka yake Nthiga na dada zake, na Hersi, ambaye familia imeamua jina lake lisomwe hapa, pamoja na ndugu. Tunamzika leo, tarehe 20 Februari, nyumbani Gachoka. Chakula kimepikwa na Mama Sharifo, na ni pilau ya mbuzi. Hakuna uchaguzi wiki hii, kwa hivyo kila mtu ale, na akiulizwa akubali kwamba amekula.

Lala kwa amani, Njeru. Leo ni Alhamisi.