Bishar Dekow na Injini ya Kusubiri

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleykum. Kitu cha kwanza nilichokiona siku ile ni feni. Feni ya studio hii, hii iliyo juu ya kichwa changu sasa. Ilipunguza mwendo. Haikusimama, ilipunguza tu, kama mtu aliyechoka kutembea.

Mimi ni Idman. Mmenizoea nikisoma salamu zenu, tena kwa sauti ndogo mpaka wengine hupiga simu kuuliza kama redio yao imeharibika. Leo sina salamu. Leo tunamkumbuka Bishar Dekow, fundi wa kituo cha umeme cha hapa Dololo. Bishar alifariki tarehe ishirini na moja ya Ramadhani, jioni, kabla ya adhana ya magharibi. Alifariki akiwa amefunga. Kampuni ya umeme imeandika ripoti. Ripoti inasema kosa ni lake.

Nitarudia. Kampuni inasema kosa ni la Bishar.

Bishar alizaliwa njia ya Hadado, katika familia ya wafugaji. Utotoni alifanya kazi kwenye visima virefu, vile ambavyo watu husimama ngazi kwa ngazi wakipokezana ndoo huku wakiimba. Alipokuja kufundishwa injini na fundi mmoja wa Wajir, alisema hakuona jambo geni.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Bishar ndiye aliyenieleza umeme nikauelewa. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, naye kwa desturi yetu aliniita vilevile.

"Adeer," aliniambia, "umeme ni watu wa kisima. Ndoo hamsini kila sekunde. Si arubaini na nane, si hamsini na mbili. Mmoja akichoka, wimbo unakuwa mzito. Ukiwa mzito sana, wote wanaangusha ndoo. Hapo ndipo mji unaingia giza."

"Na wewe kazi yako ni nini?"

"Mimi nasikiliza wimbo."

Kweli alisikiliza. Akiingia nyumbani kwa mtu alitazama feni kwanza, ndipo akasalimia. Mke wake, Lul, alinisimulia akicheka, na machozi yanatoka: "Siku ya harusi yetu alisimama karibu na jenereta ya wapishi, anainamisha kichwa. Nikamwambia, wewe, bibi harusi yuko huku!"

Sasa nisikilizeni vizuri. Umeme wetu mwingi hutoka ng'ambo ya mpaka, kwa laini moja. Laini moja tu. Hapa Dololo tuna injini mbili. Ya kwanza iliongezea laini nguvu. Ya pili Bishar aliiacha inaunguruma bila mzigo, mchana kutwa. Aliiita injini ya kusubiri. Laini ikilegea, hiyo inashika mzigo mara moja, kama mtu mwenye nguvu aliyesimama kando ya ngazi ya kisima, mikono tayari.

Watu wa sokoni walimtania. "Bishar, unalisha ngamia asiyetoa maziwa!"

"Wewe kunywa chai yako ya moto," aliwajibu, "halafu niulize nani aliichemsha."

Akiba nyingine tuliyokuwa nayo ni nyinyi. Wenye umri mnakumbuka. Mzigo ukizidi, Bishar alipiga simu hapa redioni na mtangazaji alisema: "Watu wa Dololo, Bishar anaomba mzime friji na pampu mpaka atakapowaambia." Mkazima. Mwenye mashine ya kuchomelea alizima. Mama wa barafu alizima, akimtukana Bishar, lakini alizima. Nusu saa, feni inarudi mwendo wake. Mji mzima ulipokea ndoo.

Akiba ya tatu ilikuwa maneno. Ng'ambo ya mpaka yuko fundi mwenzake, Warfa. Kabla mmoja hajagusa laini, alimpigia mwenzake. Alisema, "Mkono wangu uko kwenye laini." Wa pili alilazimika kuyarudia maneno hayohayo: "Mkono wako uko kwenye laini." Asiyesikia yamerudiwa, hapandi nguzo. Walifanya hivyo miaka kumi na moja. Hakuna aliyeungua hata kidole.

Halafu ikaja barua.

Ilibandikwa kwenye mlango wa kituo, na nakala ikabandikwa kwenye mlango wetu hapa redioni. Watu wa kampuni waliokaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi mjini Garissa waliandika kwamba injini ya pili izimwe, maana inakula dizeli bila kuuza umeme. Waliandika kwamba mafundi wasipigiane simu, kila neno lipitie ofisini. Na redio isitangaze tena habari za mzigo, kwa sababu tunawatia wateja hofu, na bila idhini ya maandishi tutashtakiwa.

Bishar alisafiri mpaka Garissa kuwaambia. Lul alimfungia anjera, mikate yetu ya maji, ya njiani. Alikaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya tatu kijana mmoja alimwambia, "Mzee, siku hizi kompyuta inaona kila kitu." Bishar akamuuliza, "Inaona Dololo?" Kijana akacheka. Bishar akarudi, akaizima injini ya pili kwa mkono wake. Lul anasema usiku huo hakula.

Wasikilizaji wapendwa, nina hasira. Mama yangu amenifundisha kuzungumza polepole mbele ya watu wazima. Nimejaribu. Nina hasira.

Tarehe ishirini na moja ya Ramadhani jua lilikuwa kali. Saa kumi na moja jioni kila nyumba inagandisha maji ya futari, kila pampu inajaza matangi. Feni hii ikapunguza mwendo. Saa kumi na moja na dakika nane laini ikakatika. Injini ya kwanza ikabaki peke yake na mji mzima mgongoni, ikazimika. Ya pili ilikuwa baridi kama jiwe.

Kwenye zahanati kulikuwa na mtoto wa siku mbili kwenye mashine ya oksijeni. Bishar alijua. Ili awashe injini, ilibidi kwanza autenganishe mji na laini, na swichi iko juu ya nguzo. Alipiga simu ofisini kama barua ilivyoamuru. Mlinzi wa kituo alimsikia akisema, "Mwambieni Warfa mkono wangu uko kwenye laini. Mwambieni sasa." Wakamjibu, "Sawa mzee, tutamwambia." Akapanda.

Hawakumwambia. Warfa alirudisha umeme.

Warfa alivuka mpaka kuja mazishini, akapekuliwa kwenye vizuizi vitatu. Alinionyesha simu yake. "Ilikuwa mkononi mwangu," alisema. "Angenipigia, ningepokea kabla haijalia. Nilimrudishia umeme nikidhani ninamsaidia."

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Nesi alikuwa na mtungi mmoja wa akiba chini ya meza. Nesi aliruhusiwa kuwa na akiba. Bishar alikatazwa.

Na ripoti inasema nini? Inasema fundi alipanda nguzo bila kusubiri uthibitisho. Inasema pia, na mwalimu wa madrasa amenisomea mara mbili, kwamba fundi "hakutoa tahadhari yoyote kabla ya umeme kukatika." Kwamba alizembea. Watoto wake wanne wanayasikia maneno hayo shuleni. Lul aliniuliza juzi, "Idman, kweli mume wangu alinyamaza?" Nikaiangalia miguu yake. Nikaaga, nikaondoka.

Kwa Lul, kwa watoto, kwa Warfa ambaye hajagusa swichi tangu siku ile, redio hii inawapa pole. Allah amrehemu, aikubali saumu yake. Nanyi mlio nyumbani, jiulizeni: ni nani anayesubiri kwa ajili yenu bila nyinyi kumwona, na nani mmeacha azimwe kwa sababu mliona anakula bure?

Na mimi nijiulize langu. Lul, eddo, shangazi yangu, kama unasikiliza, jibu ni hili. Hakunyamaza.

Saa kumi na moja na dakika mbili Bishar aliipigia redio hii. Mimi ndiye niliyepokea. Alisema, "Adeer, feni unaiona? Watangazie wazime." Nikatazama barua mlangoni. Nikamwambia, "Ngoja nimuulize Ahmednoor." Ahmednoor ni meneja wetu, na simu yake haikupatikana. Bishar akasema, "Haya adeer, lakini harakisha." Nikaweka kaswida. Dakika sita nilikaa mbele ya kipaza sauti hiki, kimewashwa, na mdomo wangu umefungwa. Kampuni iandike hilo kwenye ripoti yake. Iandike na jina langu.

Maneno aliyoniomba ni haya. Nayasema sasa.

Watu wa Dololo, Bishar anaomba mzime friji na pampu mpaka atakapowaambia.