Bado, Aliyetuchelewesha Relini

Ndugu waombolezaji, kabla ya kusomwa lolote kuhusu marehemu, familia imemruhusu mdogo wake, ndiye huyu mnayemwona ameshika karatasi, atoe kwanza lililomkaa moyoni, kwamba siku ile wananchi walipokutana kwenye ukumbi wa kata kuamua kama geti la reli liondolewe na kaka yake aondoke nalo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono, akauinua akiwa safu ya mbele, kaka yake akimtazama, na tangu siku hiyo hakuwahi kumwomba radhi kwa mdomo, ila alikuwa akimpelekea mikate, na marehemu akiipokea na kushukuru. Mwenyezi Mungu amsamehe, nanyi mumvumilie asome.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa baba fundi vyuma na mama aliyekuwa akifua nguo za watu, na mama alizoea kusimulia kwamba hata kuzaliwa alichelewa, mkunga alikunywa chai, akasinzia, akaamka, akanywa tena, ndipo mtoto akaona sasa si vibaya kutoka. Alianza darasa la kwanza mwaka 1961 katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, akasoma mpaka darasa la saba, na walimu wake hawakumwita mjinga, walimwita mzito, kwa sababu hakugeuza ukurasa mpaka aumalize, wenzake wakiwa sura ya nne yeye anauliza mambo ya sura ya pili. Tabia hiyo alizeeka nayo, gazeti moja lilimtosha wiki nzima, na mtu akimjia mbio na habari ya kwenye simu, kwamba nchi inaungua, kwamba mkubwa fulani katoroka, yeye alimuuliza tu, "Umeisoma mpaka mwisho, au umeikimbia?"

Tarehe 2 Septemba 1974 aliajiriwa kuwa mlinda geti pale barabara yetu inapokatiza reli, akakabidhiwa kibanda chenye madirisha mawili, benchi, birika, simu ya kuzungusha, na bendera mbili, nyekundu na kijani. Kazi yenyewe ilikuwa kwamba stesheni wakipiga simu ashushe geti, treni ikipita alipandishe, lakini yeye aliongeza jambo lake, treni ikishapita hakugusa geti mpaka atembee mwenyewe hadi katikati ya njia zote mbili, atazame huku, atazame kule, asimame asikilize, kwani alisema pale penye njia mbili treni moja huificha nyingine. Wenye magari waliumia. Dereva mmoja wa lori alitoa kichwa dirishani akamwambia, "Mzee, hiyo treni imeshafika kwa wakwe zake, inakula, fungua basi," na watu wakacheka, naye akajibu bila kugeuka, "Bado." Hapo ndipo alipopatia jina, na jina la kwenye cheti likabaki kwenye cheti.

Tarehe 6 Agosti 1981 alifunga ndoa na mjane wake huyu, fundi cherehani, ambaye alikuwa akivuka reli asubuhi na jioni na kitambaa kichwani, na ilimchukua Bado misimu miwili ya mvua kutoka kwenye salamu hadi kwenye jambo lenyewe. Mjane ametupa ruhusa tuseme maneno yake, kwamba mume wake akifika mlango wa peponi, malaika watafungua, naye atasimama nje kutazama kama kuna mwingine anakuja nyuma. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza ni mwalimu, wa pili ni muuguzi, na wa tatu alisafiri kutafuta maisha, hatujui aliko, tunaendelea kumwombea, na popote alipo ajue kwamba kiti chake tumekiweka.

Marehemu hakuwa mwanachama wa chama chochote, wala hakuwa mtu wa maandamano, lakini mkutano wa wananchi haukumpita, alikuja na sare yake ya kazi, akakaa nyuma, akasikiliza hata pale wenzake walipokwisha kuaga mmoja mmoja, na aliwaambia wanawe kwamba mtu asiyekaa mpaka mwisho huamuliwa na waliokaa. Alikuwa na kasoro zake pia, na si vizuri kuzificha mbele ya Mungu. Mama yake mzazi alipofariki mwezi wa Novemba 1996, mwenzake wa zamu alikuwa mgonjwa, hakukuwa na wa kumpokea, naye akakataa kuliacha geti, akafika makaburini udongo umeshasawazishwa, bendera bado iko kwapani, na mdogo wake hakumpa mkono siku ile. Mdogo huyo aliliweka jambo hilo kifuani miaka mingi, akilichochea kama jiko.

Kwa hiyo tarehe 8 Juni 2011, ofisa wa reli alipokuja kutueleza kwamba geti ni mambo ya kizamani, kwamba zitawekwa taa na kengele za kujiendesha, na mji utatembea, marehemu alisimama akauliza swali moja, taa hizo zikizimika, nani atakuja kutazama, akaomba watu wakalale nalo, waamue mkutano ujao. Mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Bado!" na ukumbi mzima ukacheka, mdogo wake akacheka pamoja nao, kisha akainua mkono. Wakati ule alikuwa ameanza kusambaza mikate kwa pikapu, na mkate ukichelewa dukani unarudishwa, hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu, lakini ukweli ni kwamba mkono ule ulikuwa na kaburi la mama ndani yake. Geti likang'olewa mwezi uliofuata, na marehemu akaachishwa kazi ikiwa imebaki miaka miwili astaafu.

Taa ziliwaka vizuri mpaka mvua za mwaka wa pili, kisha wezi wakakata nyaya, na marehemu akaenda ofisini, akaambiwa fundi anakuja, akaenda tena, akaambiwa fundi yuko njiani. Tarehe 19 Februari 2013 fundi viatu wa pale kituoni, rafiki yake wa kucheza naye bao, alisubiri treni ya mizigo ipite, ikapita, akavuka nyuma yake, na treni ya abiria ikaja kwa njia ya pili. Mwili haujainuliwa, ujumbe ulikuwa umeshazunguka kwenye simu za mtaa mzima kwamba Bado ndiye aliyekata nyaya kwa kulipiza kisasi, na kabla giza halijaingia vioo vya nyumba yake vilikuwa chini. Mdogo wake aliupata ujumbe ule kama nyinyi mlivyoupata. Alijua ni uongo, kwa kuwa kila alfajiri alipita na mikate akaziona nyaya zimekatwa, akamwona na kaka yake akielekea ofisini kuzilalamikia, naye mwenyewe hakumwambia mtu. Aliusoma, akarudisha simu mfukoni, akaendelea kugawa mikate.

Marehemu hakujibu ujumbe. Alifagia vioo, akamzika rafiki yake, na kesho yake asubuhi akaenda kusimama relini na bendera nyekundu, bila mshahara wala sare, watoto wa shule wakipita akawasimamisha mpaka ajiridhishe, na kila mkutano wa wananchi akarudi na swali lake lile lile, akiulizwa na wenyeviti, "Mzee, na leo tena?" naye akisema, "Mmeshanijibu?" Alifanya hivyo miaka kumi. Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, akawa anakaa kwenye kiti kando ya reli na mkewe akishika bendera, na tarehe 29 Aprili mwaka huu wa 2024 akalazwa. Alfajiri ya Ijumaa tarehe 17 Mei alimwita mdogo wake karibu akamuuliza, "Nani yuko relini?" Mdogo wake akamjibu, "Yupo mtu, kaka." Marehemu akasema, "Haya," akafumba macho, na saa nne asubuhi akatutoka. Hapakuwa na mtu relini. Mjane alikuwa hospitali, sisi wengine tulikuwa kwenye shughuli zetu.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao walimvumilia alipotaka kila kidonge aelezwe, tunawashukuru majirani waliofunga maturubai na kukesha nasi, wakiwemo wale waliovunja vioo ambao juzi wamekuja kumwambia mjane wenyewe, tunawashukuru wastaafu wenzake wa reli, viongozi wetu wa dini, na nyote mlioacha kazi Jumatatu ya leo. Tunasema pia, kwa uchungu, kwamba asubuhi hii msafara wetu ulipofika relini hakuna gari lililosimama, na lililombeba yeye ndilo lililotangulia, kwa sababu tulikuwa tunachelewa.

Kaka, lala salama, Mungu akupe pumziko ambalo hukulipata ukiwa macho.

Treni ya abiria inapita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muda ambao watoto wanavuka kwenda shule. Kesho Jumanne mdogo wake atakuwepo na bendera, mikate itasubiri, lakini peke yake hataweza kila siku. Anaomba mtu mmoja wa Jumatano. Aliye tayari asimame tu pale alipo, amwone.