Sila Chilewa na Milango ya Mtaa wa Stesheni

Ndugu zangu, hebu uoneni moyoni ule mtaa wa matembe, nyumba za udongo zenye paa bapa, karibu na stesheni, asubuhi ya vumbi, vigingi vya barabara mpya vimekwisha kupigwa hadi uani, na mtu mmoja mwembamba, kamera ya miguu mitatu begani, amesimama mlangoni akibisha hodi.

Huyo ni kaka yangu Sila Chilewa, aliyezaliwa Kibakwe mwaka 1882, akasoma shule ya misheni Mpwapwa tangu 1894 hadi 1899, akafunga ndoa na shemeji yetu Ruthu huko Mvumi tarehe 12 Agosti 1906, wakajaliwa watoto wawili, Yotham na Dorkasi.

Mwaka 1908 wapimaji wa reli walimwajiri kubeba kamera, naye kwa kutazama, kuuliza na kuharibu vioo kadhaa vya picha akajifunza kuitumia, hata reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 akafanywa mpiga picha wa ujenzi. Machi 1913 msimamizi alimwagiza aupige picha mtaa ule kabla ya kubomolewa, lakini watu waondolewe kwanza, zionekane kuta tupu. Sila alijibu kwa upole kwamba kila mlango una mwenyewe, akafukuzwa kazi siku ileile, na kesho yake akarudi mtaani na kamera kuukuu aliyoachiwa na mpimaji mmoja, akibisha hodi nyumba kwa nyumba, na asipokaribishwa hapigi picha.

Mama Anyesi wa tembe la mwisho alikataa kwa miezi, akihofu kwamba picha itamchukua kivuli. "Huko mnakonihamishia nitakaa na nani, hata kivuli sina?" Sila akampiga picha Ruthu, akaitundika mlangoni kwa bibi huyo, naye Ruthu akawa anakuja kutwanga mbele yake kila asubuhi, mzima na kivuli chake, hata bibi akacheka, akamwambia Sila: "Karibu basi, mwanangu, unasumbua kuliko nzi wa zizini!"

Siku hiyo Sila alimpiga picha akiwa tayari na homa ya mapafu, na kesho yake tembe lilibomolewa. Alifariki tarehe 9 Februari 1914, alfajiri.

Tunamshukuru daktari wa misheni, majirani walioteka maji, mafundi wa reli waliochimba kaburi, nanyi wa mtaa ule mliotembea kutoka Msalato mlikohamishiwa, pamoja na Mama Anyesi, aliyekuja na picha yake kifuani.

Pumzika kwa amani, kaka, umebisha vya kutosha. Nasi wengine, naomba tukumbuke jambo moja: tukipita barabara ile mpya, tuseme hodi kwa sauti ndogo, tungoje kidogo, ndipo tupite.